Kilo Mbili

Mwaka ule kakao ilizaa hadi chini, karibu na mizizi,
nami nikawahesabu wanangu kama mapanga:
Ambakisye wa kuangua, Sekela wa kupasua,
Lusajo, miaka saba, wa kukomba mbegu kwa vidole.
Shule kwa Sekela ilikuwa imekwisha. Darasa la saba, basi.
Kovu la kidole gumba ndicho cheti alichobaki nacho.

Akaja na karatasi kutoka Ipinda: uchomeleaji,
miezi sita, ovaroli ujitegemee, buti ujitegemee.
Nikasema, msichana na cheche, wapi na wapi?
Nani ataianua kakao mvua ikichungulia?
Mama yake hakunijibu.
Aliuza mkungu, akauza mkungu,
akauza na jogoo aliyekuwa akiniamsha,
nikachelewa shamba juma zima.

Kifuku kikaingia. Sekela anarudi jioni
macho mekundu, nywele zinanuka chuma,
mdomoni maneno mageni: bawaba, fremu, nyuzi tisini.
Aliitazama nyumba yangu
kama kazi ya mwanafunzi mvivu.
«Baba, mlango huu haukupimwa.»
Kweli haukupimwa. Niliukata kwa jicho,
na tangu siku hiyo tunaufunga kwa jiwe.

Mnunuzi alikuja Alhamisi.
Akaining'iniza mizani yake kwenye mparachichi,
ile ile, yenye kioo chenye ufa,
tuliyoiamkia kila msimu kama mkwe.
Sekela akatoka ndani na kipande cha reli,
amekikumbatia kama mtoto wa mtu.
Alikipima chuoni, mwalimu akiona: kilo kumi.
Akakitundika.
Mshale ukapanda, ukatetemeka,
ukasimama kwenye nane.

Hakuna aliyepiga kelele.
Kuku waliendelea kuparua.
Mzee Mwakibete alianza kuhesabu kwa midomo,
misimu yake, magunia yake,
akafika mahali akaacha.
«Springi imechoka,» alisema mnunuzi.
«Niachie,» alisema binti yangu, «nitaitengeneza.»
Hakumwachia. Aliondoka na pikipiki yake
bila kununua hata punje,
na usiku ule tulilala na kakao yote ndani,
inanuka siki, nami sina senti, wala sina hasira na mtu.

Kulipokucha Lusajo alikwisha kaa kwenye lundo,
panga mkononi, lamfika begani.
Nikalichukua.
Nikampa ncha ya futikamba ya dada yake,
nikamwambia, shika hapo, usilegeze,
tupime mlango.