Mia Kasoro Moja

Baba yangu, Nestor Wasylkiw, humeza kidonge saa kumi na mbili jioni,
kabla ya utabiri wa hali ya hewa,
kwa maziwa, si kwa maji, ingawa daktari hajali.
Kidonge cha rangi ya pichi; Jumatano nusu tu.
Tangu watie vali kifuani mwake,
nyumba ikinyamaza twausikia moyo:
ta, ta, ta,
kama mtu anayehesabu sarafu chumba cha pili.

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji.
Ya baba tumeamrishwa isiwe nzito mno.

Kazi yangu iko Saskatoon, ghorofa ya tatu,
chumba kisicho na dirisha. Napima protini.
Moja naijua kuliko ninavyomjua jirani:
albumini, mtoto wa ini.
Ini huifinyanga usiku na mchana, likaiachia mtoni
ikabebe wasioweza kuogelea.
Ina kijishimo ubavuni, chembamba, chenye asili ya mafuta;
warfarini ikipita huinama, ikaingia, ikakaa.
Haifungwi. Hushikwa tu,
kama mkono unavyoshika mkono kanisani
mpaka sala iishe.
Katika mia, tisini na tisa zimeketi.
Moja inatembea.
Hiyo moja ndiyo dawa.
Ndiyo inayobisha hodi kwenye ini
na kumzuia vitamini K asirudi kazini.

"Ngoja," alisema baba, uma hewani.
"Kiti hicho kinatengenezwa na ini?"
Na ini.
"Na dawa inakwenda kumsumbua nani?"
Ini.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Kumbe linatuma watu wamcheleweshe mgeni wake!"

Hiyo ilikuwa kabla ya mama.

Baada ya mazishi alikula mkate mkavu na chai.
Kabichi za mama, zile za kukunjia wali,
zilibaki kwenye friza na mwandiko wake juu: Novemba.
Hakuzigusa. Kuna msiba unaokata maini.
Februari akavua shati, nikaona
zambarau toka kiwiko hadi kifundo cha mkono.
Hakuwa ameanguka. Alibeba ndoo.
Kidonge kilekile, saa ileile;
viti ndivyo vilivyopungua,
na jani la kabichi lililozoea kubishana na dawa halikuwapo mezani.
Wakatembea wawili, labda watatu,
pale palipokuwa njia ya mmoja.

Njiani kwenda Yorkton, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
akasimulia jambo ambalo hakuwahi kulitaja:
baba yake, Havrylo, mwaka uliozidi mvua,
klova ikaota ukungu ghalani,
wakawalisha ng'ombe kwa kuwa hapakuwa na kingine.
Machi wakawakata pembe. Pembe tu.
Damu haikujua kukoma.
Yeye alikuwa na miaka sita; alitumwa alete majivu,
akaleta majivu, akaleta tena,
na majivu yakageuka matope mekundu mikononi mwa baba yake.

"Ukungu ule," nikasema, "ndio nyanya wa kidonge chako."

Hakujibu kwa kilomita kumi hivi.
Kisha: "Mmoja aliitwa Krasula."

Muuguzi Marivic akamtoboa kidole.
Tano nukta moja; tulitaka mbili na nusu.
Aache siku mbili, akasema, arudi Alhamisi,
na ale, Mzee Nestor, ale, mayai, nyama, chochote chenye nguvu,
kwani ini nalo fundi: halijengi bila matofali.

Jioni ile friza ikafunguliwa.
Nikamwambia viwili. Kesho viwili, keshokutwa viwili,
usizidishe, usipunguze, namba haipendi kushtuliwa.
Akaitikia kama mtoto anayedanganya.
Alikula kimya, pole pole, bizari ikimganda kwenye masharubu.
Kibandiko cha Novemba alikibandua kwa ukucha,
akakitazama pande zote mbili,
akakitia mfuko wa shati,
upande wa ile sauti.