Sinia la Watu Saba

"Uko na nani?" aliniuliza mkata tikiti gatini.
Nikasema, peke yangu.
Akauliza mwenye gesti, akauliza mpishi wake,
na punda, naapa, hata punda alinitazama
kama anayehesabu mizigo
akaona mmoja umepungua.

Mimi ni Wakesho. Napima damu katika maabara, Wundanyi.
Nimepewa likizo ya siku nne;
mbili zinaliwa na barabara.
Ya leo ni yangu nzima, kama yai.

Asubuhi, Langoni.
Mama Somoe ana karai, ana upawa, ana ulimi.
Mahamri manne, mbaazi za nazi bakuli moja.
"Manne ni ya watu wawili. Mwenzio yu wapi?"
Nikala manne.
Nikaagiza la tano, kwa ubishi tu.

Ramani yangu iko nyuma ya risiti ya saruji,
Lali wa gesti kanichorea:
msalaba penye sanaa, duara penye chakula,
na pahali pamoja, mbali, ufukweni,
kaweka vyote viwili, kapiga mstari chini,
hakueleza.

Msalaba wa kwanza:
pweza wa nyaya kuukuu za simu
anapanda ukuta wa matumbawe,
na kwenye mkono wake wa tatu
pameanikwa leso.
Sikujua kama leso ni sehemu ya kazi.
Nilisimama mpaka mwenyewe akatoka, akaianua,
na pweza akabaki, nakiri, amepungua.

Milango sitaielezea.
Milango imeelezwa mpaka imechoka.
Nilitazama fremu moja, pale fundi alipokosea:
maua yote yana petali sita,
hili lina tano,
naye akaendelea na kazi.
Nikampenda, popote alipozikwa.

Mchana, viazi vya karai na ukwaju.
Pilipili ikapanda kutoka kidoleni hadi jichoni,
nikalia hadharani, machozi ya kweli.
Kinyozi akatoka na taulo begani:
"Pole dada. Nani amefariki?"

Kisha miguu, njia ya Shela, maji yamekupwa.

Wamekaa mchangani, duara, watu saba
wa maboya, mabati na mitungi iliyopasuka.
Mmoja uso wake ni kifuniko cha sufuria.
Mwingine ni kandambili tupu, za mguu wa kushoto zote;
za kulia sijui bahari imezipeleka kwa nani.
Katikati, sinia la kweli, limebonyea.
Na nafasi moja, wazi.

"Walikuwa wanane," alisema Shekuwe, lami mpaka viwikoni.
"Wa nane nilimsuka kwa majani mabichi.
Punda wakamla, shingo hadi kiuno, siku ya pili."
"Hukutengeneza mwingine?"
"Nilianza. Kisha nikaona watu wanakaa pale."

Nikakaa.

Barke, mkewe, akaja na mikate ya mofa
na changu wa kupaka, tui likimchuruzika,
akamlaza juu ya sinia lile lile.
"Kula, lakini usikawie.
Bahari nayo ina zamu yake hapa."
Huyu hakuuliza niko na nani.
Aliuliza kama natosheka na ndimu.

Nilikula kwa mkono, nikichambua miiba
na kuiweka mbele ya yule wa kifuniko,
kama unavyomwekea mgeni asiye na haraka.
Upepo ukipita, mitungi yao ilivuma kidogo,
sauti ya watu wanaoanza kushiba.

Akapita mtoto na ndoo ya kaa.
"Uko na nani?"
Mdomo umejaa. Nikawaonyesha kwa kidevu.
Akawatazama mmoja mmoja, kwa makini,
akanitazama na mimi.
"Yule wa kandambili," akasema, "hali samaki."

Maji yalifika vifundoni nikiwa kwenye mkia.

Usiku huu nimenawa mara tatu,
kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga.
Ukucha wa dole gumba bado una manjano.
Keshokutwa, saa mbili kamili,
nitavaa glavu.