Ukurasa Mmoja, Shilingi Hamsini

Aliketi kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mkono,
buibui lake likinukia udi na kitunguu,
akasema: Andika. Kwa Kiingereza. Kwa jirani
aliyenunua nyumba ya marehemu Famau kule Mkomani,
akapandisha ghorofa ya tatu, na makuti, na vitanda vya kuotea jua,
na wageni wake wakijilaza huko wananiona
nikifua, nikichana nywele, nikila.
“Mato yao yaniangukia uani.
Mwambie sipendi.”

Rahisi, nikadhani. Miaka minne ya sekondari,
cheti ukutani, mashine ya kupiga chapa inayoruka herufi r.
Nikalichukua neno la kwanza tulilofunzwa, laiki,
nikalikanusha, nikalisoma.
Lilikaa pale kwenye karatasi
kama mtoto aliyegoma kunywa uji.

“Maana yake nini?”
Hupendi.
“Kama mtu asiyependa bamia?”
Ndiyo, Bi Mwanatima, kama bamia.
“Hini si kesi ya bamia. Futa.”

Nikapanda ngazi moja. Heti.
Herufi nne, neno lililonyolewa kipara.
Nikamweleza kuwa ni kuchukia, kuchukia kwenyewe,
na mkono wake ukasimama hewani.
“Simtukii.
Siku alofiwa na mamake huko kwao
nilimpelekea sinia, mofa saba na supu ya mbuzi.
Sinia lilirudi limeoshwa, na matungwa sita ndani.
Mtu hakurudishii chombo na kitu
kisha ukamtukia. Futa.”

Yako maneno ya ofisini, nikamwambia.
Iko konsani, ambayo ni wasiwasi uliofunga tai.
Iko anhapi, ya mtu mwenye huzuni asiyetaka kusumbua.
Na uko msemo wao wa kikombe cha chai,
kwamba jambo fulani si kikombe chako.
Alicheka mpaka jino la dhahabu likatoka nje.
“Chai yaingiaje? Chai yangu ameinywa,
akaomba cha pili, na sukari.”

Feni ikasimama. Umeme umekwenda zake.
Katika kimya kile nikapekua lugha yangu mwenyewe,
labda nipate kitu cha kukopa:
lisilokaa moyoni, lisilopita kooni,
karaha, kinyaa, na kule kukinai
kunakomjia mtu aliyekwisha kupenda sana.
Yote yalikuja miguu mitupu
na hakuna lililokubali kuvaa viatu.

Yeye alikuwa akifikiri njia nyingine.
“Hawa, mtu akikanyagwa kidole cha mguu husemaje?”
Husema sori.
“Mwenye kukanyaga?”
Mwenye kukanyagwa.
Akanitazama kama nimeapa uongo msikitini.
Akaomba niseme tena. Nikasema tena.

“Basi,” akasema, akijifunga buibui upya,
“anza hapo. Andika sori.
Kisha andika: mimi nina ua.
Ua wangu hauna paa, wala haukupata kuwa na paa
tangu zama za bibi yake bibi yangu,
kwa kuwa juu yake
hapakuwa na mtu.
Na ina langu uliandike kubwa.”

Nikaandika. Mistari mitatu, karatasi ikabaki nyeupe
kuanzia kifuani kwenda chini.
Nilitaka kumtoza nusu. Akaweka hamsini mezani,
akasema ukurasa ni ukurasa.

Alipotoka nilichukua kalamu
kujaza herufi zilizorukwa na mashine.
Hazikuwa nyingi.
Lakini kwenye lile neno la kwanza, la kuomba radhi,
zilikuwa mbili, zimefuatana,
na hapo nilibonyeza sana.
Karatasi ilitoboka kidogo.
Nikaiacha hivyo hivyo.