Visima Tisini na Sita

Nizwa, saa mbili usiku. Maabara inanuka spiriti
na kitu kama chai iliyosahaulika jikoni:
ni jaada ya Jabal Akhdar,
iliyoanikwa kivulini, ikasagwa, ikalowekwa siku tatu,
ikachujwa, ikakaushwa tena,
hadi gunia zima likawa utomvu mweusi
usiojaza kijiko.

Nina sahani ya plastiki, pana kama kiganja,
visima tisini na sita, kina chake ukucha.
Ami Nasib aligawa maji ya falaji
kwa kivuli cha kijiti, kila shamba na zamu yake,
asidhulumiwe mtu.
Juzi nami niligawa, kwa pipeti:
safu hii mikrogramu mia, ile hamsini,
ile kumi na mbili na nusu.
Safu ya mwisho sikuipa kitu,
ili iwe shahidi.

Chini ya darubini seli zimebanana kama changarawe.
Zilitoka tumboni mwa mwanamke, ng'ambo,
kabla sijazaliwa. Jina lake halimo kwenye kichupa.
Yeye kaenda, kilichomla kimebaki,
kinatunzwa kwenye joto la mwili wake,
kinabadilishiwa chakula kila siku ya pili.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Hawakujua kuwa siku moja kitavuliwa
kikaishi bila wewe.

Shangazi Zuweina yuko Maskati, wodi ya tatu.
Jaada hiyohiyo anainywa alfajiri, kwa siri,
kwenye chupa ya chai ya jirani.
Anakunja uso, anatema Kipemba chake:
"Uchungu huu, mwanangu, hauwi wa bure."

Sheria ya rangi ni hii: unatia njano.
Seli iliyo hai huigeuza zambarau.
Iliyokufa huiacha vilevile.
Basi mimi, niliyezoea kuombea uhai,
naomba zambarau isije.

Saa nne.
Safu ya mia, njano. Ya hamsini, njano!
Nikapiga kigelegele peke yangu,
friji ikanijibu kwa mngurumo.

Kisha nikavuta sahani ya pili,
ile ya seli zenye afya.
Njano.
Njano, mpaka nusu ya sahani.
Majani hayakuchagua. Yalishuka kama wadi iliyofura,
yakazoa mwizi na mwenye nyumba.
Daktari Ibtihaj hutuambia kila mwaka:
hata sabuni huua saratani kwenye sahani.

Ila ile safu ya kumi na mbili na nusu.
Kwenye saratani, kahawia, nusu kwa nusu.
Kwenye afya, zambarau tupu.
Tofauti ya unywele. Labda mkono ulitetemeka.
Nimeandika kwa penseli: *rudia mara tatu*.

Simu. Hajalala.
"Wasemaje, hivyo visima vyako?"
Nikamwambia asiiongeze dozi, wala asiache sindano za hospitali,
na amwambie daktari anakunywa nini.
"Kwa hivyo inafaa?"
"Sijui, shangazi. Bado sijui."

Kimya kirefu, mashine yake ikipiga pi, pi.
Halafu akacheka, kicheko cha mtu mwenye mshono:
"Leo ndiyo mara ya kwanza msomi kunambia neno hilo.
Haya. Ijumaa ukija niletee tende,
khalasi, si fardhi.
Fardhi naiona kama dawa."