Kifungu cha Kumi na Moja

Mkataba umekuja kwa simu, kurasa tisa.
Nimeuchapisha steshenari ya Nkuhungu, mia mbili kila ukurasa.
Kijana akaniuliza, "Mwalimu, mtihani wa muhula?"
Nikasema ndiyo.
Sikudanganya sana.

Mshahara, mara tatu ya huu wangu.
Chumba bure, chenye kiyoyozi.
Mji ni Hai Phong, Vietnam. Nimeutafuta kwenye ramani ya darasani,
ile iliyotafunwa na mchwa upande wa Asia,
nikakuta tundu.

Kifungu cha kumi na moja kimejibanza
kati ya likizo na mavazi:
Mwalimu atajitegemea kwa matibabu yake.
Nukta.
Sentensi nyepesi kama karatasi ya pipi.

Miaka kumi na minne nafundisha Kiingereza,
na zikifika sentensi za masharti
huwaanzia watoto kwenye lugha wanayogombania mpira:
Nikiugua, nitatibiwa. Hiyo -ki- ina mlango wazi.
Ningeugua, ningetibiwa. Hapo unaota umesimama.
Ningaliugua, ningalitibiwa. Limeshapita, funga daftari.
Leo somo limenigeukia,
na sijui nikae kwenye kiambishi gani.

Maana mwili huu naujua.
Agosti, upepo ukifagia uwanja wa shule
hata nguzo ya goli huioni,
kifua changu hupuliza filimbi kabla ya mwamuzi.
Mwaka juzi nililala siku sita hospitali ya mkoa,
mpira wa oksijeni puani,
na siku ya kutoka nilitia sahihi tu,
muuguzi akanirudishia kadi
kana kwamba nimerejesha kitabu cha maktaba.
Bili sikuiona. Niliisikia ikinong'ona kwenye printa.

Hiyo kadi.
Ukitafuta jina langu kwenye kompyuta yao
yuko mwingine chini yake:
Mwendwa Chidawali, mama, mtegemezi.
Kila mwezi anapanda gari la alfajiri kutoka Handali,
vidonge vilivyobaki kavifunga kwenye pindo la khanga,
apimwe presha, aambiwe apunguze magadi,
naye mlenda wake hautaki kusikia habari hiyo.
Nikiacha kazi, kadi inakufa.
Si mimi peke yangu nitakayeondoka bila mwavuli;
na yeye ataloa, hapa hapa Dodoma pasipo mvua.

Mwalimu Nkwabi ananiambia, "Nenda!
Maradhi humfuata anayeyawekea kiti."
Yeye ana kadi mbili, ya kwake na ya mkewe.
Kaka yangu Lechipya kapiga hesabu nyuma ya kalenda:
toa nauli, toa chakula, toa bima ya kujinunulia huko,
toa ya mama huku,
kilichobaki bado kinaezeka vyumba viwili.
"Ila usiumwe," akaongeza,
kama anayesema usisahau chaja.

Jana usiku mama alipiga. Mbukwa, mwanangu.
Nikamsomea mkataba, natafsiri kifungu baada ya kifungu,
cha likizo nikakikoleza chumvi,
cha kumi na moja nikakiruka.
Akanyamaza. Nikasikia mbuzi wake.
"Umetoka cha kumi ukaingia cha kumi na mbili," akasema.
"Shule sikwenda, lakini mifugo nahesabu gizani."

Sasa ni saa sita, umeme umekatika na kurudi.
Nimechukua kalamu nyekundu,
na pembeni mwa sentensi ile
nimeandika neno ninalowaandikia Kidato cha Pili
mtoto anapojibu vizuri bila kujibu swali:
Fafanua.

Alama sijaweka.