Sufuria Ndogo

Karatasi ya Ustawi wa Jamii nimeibandika
kwenye mlango wa kabati, kwa plasta ya hospitali
uliyoisahau, maana gundi ilikwisha.
Ijumaa saa kumi jioni: aletwe kwa baba.
Jumapili saa kumi na moja: arudishwe kwa mama.
Muhuri wa bluu umekaa upande,
kama aliyeugonga alikuwa anaangalia simu.

Mimi ni fundi cherehani, Elifuraha, unanijua,
dunia naipima kwa utepe.
Kwa hiyo dakika zako naziandika.
Nyuma ya daftari la vipimo, baada ya kiuno cha Mama Shedafa
na mikono ya suti ya mwenyekiti wa mtaa,
kuna ukurasa wako.
Tarehe tatu, dakika ishirini na tano.
Tarehe kumi na saba, hukuja, ulisema mvua.
Hapa Majengo, Moshi mjini, palikuwa pakavu kau.
Lakini Machame huko juu, kweli, mvua haibishi hodi.
Hilo sikuliandika.

Kisha shule.
Wewe unataka ile ya bweni, ya dayosisi,
yenye basi la njano na watoto wanaoomba radhi kwa Kiingereza.
Mimi nataka hii ya hapa. Darasani wako themanini na wawili,
ila nikisimama barazani naisikia kengele yao,
rimu ya gari inayogongwa kwa nondo,
na namwona akikimbia na fagio lake.
Ukasema: unataka kumwona, hutaki asome.
Nikasema: unataka asome, hutaki kumwona.
Dada wa Ustawi akafunika kalamu,
akauliza kama tumekunywa chai.

Na jina. Kwenye kadi ya kliniki, Aikande.
Kwenye juzuu ya madrasa, Salha.
Juzi nilimkuta mlangoni anakula ndizi mbivu peke yake:
bismillahi, halafu amina,
halafu akachungulia
kama kuna aliyebaki hajaridhika.

Siku nyingine, amekaa juu ya vipande vya vitambaa:
"Ijumaa ya baba, Jumapili ya mama.
Jumatano ya nani?"
Nikasema, ya shule.
"Basi naipenda Jumatano."
Nikakata uzi kwa meno,
uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

Desemba mkapanda mgombani, ukoo mzima, kama kawaida yenu,
nami nikabaki na swali langu.
Nani kamchinja mbuzi? Na kisusio je, na ile damu?
Siku kumi na moja nililitunza,
nikalipiga pasi, nikalitundika.

Ijumaa ya kwanza ya Januari, saa kumi na moja kasorobo,
ukamshusha. Hukuvuka mtaro.
Nikamuuliza kabla hajavua viatu.

"Babu Hamadi," akasema, "yule wa kule kwenye mfereji.
Bibi alimwita. Alikuja na kisu amekizungushia gazeti.
Bibi akasema mbuzi asiguswe mpaka yeye afike,
wajomba wakasubiri mpaka wakanuna."
Na kisusio?
"Changu kilipikwa kwenye sufuria ndogo. Hakina damu.
Bibi anasema hicho ni kisusio kilichovaa kanzu.
Mama ndiye alichochea kuni,
akawakataza wasichanganye mwiko."

Mama yako, Elifuraha, mzee wa kanisa,
aliyekataa kukanyaga bomani siku ya ndoa yetu.
Na wewe, moshi machoni, unalinda mwiko.

Swali langu likabaki limetundikwa,
limepigwa pasi, halina wa kulivaa.

Daftari lilikuwa wazi, kalamu sikioni.
Dakika arobaini na tano.
Nikamwambia asimame wima nimpime sare,
hatujui bado ni ya shule gani.
Bega limeongezeka, inchi moja kasoro.
Nikaandika bega.
Sijui limekua siku za nani.