Nilikufa Jumapili

Nilikufa Jumapili, saa tatu na dakika kumi usiku,
na mama yangu alikuwa ameketi ubavuni pangu
akifuma soksi.

Ostrava nzima ilikuwa imejifungia ndani.
Hata mbwa wa Bibi Hedvika, ghorofa ya tatu,
alitulia tuli, kana kwamba naye anamsaka muuaji.
Mimi nilikuwa na bakuli la supu ya kabichi magotini
na siri kifuani tangu Machi:
kurasa kumi na moja nilizotia saini,
usimwambie mtu, hata aliyekuzaa.
Waliliandika hivyo hivyo. Hata aliyekuzaa.

Inspekta Kostelka, kwa misimu mitatu,
hakuwahi hata kukwaruzwa.
Risasi zilimjua, zikampisha.
Watu walimpenda kwa koti lake la kijivu lisilo na kifungo cha pili,
kwa namna alivyoinusa kahawa asiinywe.
Basi akaenda kuosha gari.
Hapakuwa na muziki wa kututahadharisha,
wala kivuli ukutani.
Naibu wake, Slavomír, aliyekula naye chumvi,
akamwomba sarafu ya kuwashia mashine,
na Kostelka akainama, mkono mfukoni, anatafuta.
Mara moja tu. Tena kwa karibu.

"La," mama akasema. Sindano zikasimama.
Brashi za mashine ziliendelea kuzunguka,
zikiliosha gari la marehemu, povu jekundu.

(Ile damu ilikuwa sharubati ya biti.
Nililalia saruji kwa saa saba.
Paka wa mlinzi akaja kunilamba shingo, tukarudia upya.
Nilikuwa hai kupita kiasi: nimebanwa na mkojo.)

Mama hakunitazama. Macho yake yalibaki kwenye kioo,
mkono wake ukanijia kama wa kipofu,
ukapapasa, ukakikamata kifundo cha mkono wangu
pale pale anaposhika daktari.
Akahesabu. Niliiona midomo yake.
Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Supu ikapoa.

Majina yalipoanza kupanda, langu likiwa la nne,
akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu:
"Baba yako naye aliinama hivyo?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa nalo.
Shimo namba tatu waliliziba kwa zege, Jumanne,
moto bado unakula huko chini,
wakamletea mama viatu vyake vya kurudia nyumbani
na hundi iliyopungukiwa herufi moja katika jina la ukoo.
Nilikuwa na miaka tisa.
Siku hiyo tramu zilipita kwa saa zake.

Mwongozaji aliniuliza, tukifuta biti shingoni:
Bohumír, umejifunzia wapi kufa namna hiyo,
kama mtu aliyesikia akiitwa kwa nyuma?
Nikasema: chuoni.

Jumatatu asubuhi tulishuka kununua mkate.
Pale panapooshwa magari palikuwa na mishumaa,
na mtu alikuwa ameacha kikombe cha kahawa,
kimejaa pomoni, hakijaguswa.
Otakar wa duka la mikate, pande la mtu, kilo mia na ushei,
alimlilia mama yangu mbele ya foleni.
"Pole, mama. Pole sana. Chukua huu, usilipe."
Nami nipo nyuma yake, kofia hadi kwenye nyusi,
nimekumbatia mfuko wa viazi.
Nilingoja acheke. Nilingoja ageuke
aseme, huyu hapa, mzima, tena anakoroma usiku.

Mama aliupokea mkate kwa mikono miwili.
Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemsimamisha njiani.
"Alikuwa mtu mwema," akasema,
"na huu wenye kisibiti ndio alioupenda."

Mimi kisibiti hakinipiti kooni.
Sijawahi kukila.